Klachi ya Pijo la Msafiri

Ninyi mnaopanda bajaji kutoka stendi mpaka Nangara na kununa kwa sababu dereva anasubiri abiria wa tatu, Babati ya vumbi hamkuikuta. Tunu aliikuta. Leo ni bibi wa wajukuu wanne, anakaa Bagara na migomba yake na kuku wake, na ukimwamkia shikamoo anaitika kwa sauti ya chini, utadhani hajawahi kumpigia mtu honi maishani. Usidanganyike. Huyu mama alikuwa dereva.

Turudi mwaka elfu mbili na tatu. Mkoa wa Manyara ndio kwanza umetangazwa. Kabla ya hapo sisi tulikuwa wilaya ya mkoa wa Arusha tu, na mtu akitaka muhuri wenye maana alikuwa analala njiani. Ghafla tukaambiwa tumekuwa makao makuu. Nyumba zilizokuwa zinalala mbuzi zikapakwa rangi zikawa ofisi, vyumba vya kupanga vikaadimika, na watumishi wageni wakawa wanashuka kwenye mabasi wamebadilika rangi kwa vumbi, wanauliza mkoa uko wapi. Lami ilikuwa habari ya kusikia. Lakini watu walikuwa wanasalimiana, jamani. Ukikatiza sokoni unafika nyumbani umeulizwa hali ya watoto mara kumi na tano, na ulikuwa hujui kwamba hilo nalo litakuja kwisha.

Katika Babati hiyo kulikuwa na Pijo moja, ile ya mgongo mrefu yenye viti vya safu tatu, nyeupe zamani zake. Mwenyewe alikuwa Msafiri, mume wa Tunu. Alimtoa Tunu kwao Kondoa akiwa na miaka kumi na tisa, akamleta Babati ndani ya gari hilohilo, na bibi harusi alitapika njia nzima. Msafiri alikuwa mtu wa watu, na kwa usukani hakuwa na mpinzani. Mvua kubwa za mwaka tisini na nane, malori yalipolala kwenye tope wiki nzima, yeye alitoka Arusha na mama mjamzito kiti cha nyuma akafika Babati siku ya pili, gari halina rangi wala taa. Watu walisimulia safari ile mpaka ikaota mkia. Mdogo wake, Twalha, ndiye aliyeisimulia kuliko wote. Twalha alikuwa utingo wake miaka saba kabla hajafungua duka la vitambaa karibu na soko, na mteja akiingia kununua khanga alitoka na khanga na habari za kaka.

Mwaka wa mwisho figo zilipoanza kumsumbua, Msafiri alianza kumfundisha mkewe gari. Alimtoa alfajiri, akampeleka njia ya kwenda ziwani, mahali ambapo hakuna wa kugonga ila kiboko anayechelewa kurudi majini. Hakusema kwa nini anamfundisha, na Tunu hakuuliza. Walijua wote wawili. Mwishoni mwa mwaka elfu mbili na mbili Msafiri akafariki.

Tunu akakaa eda. Alipotoka, ndugu walikaa kikao cha urithi. Gari lilikuwa na sehemu ya Tunu, sehemu ya binti yao Najma, na sehemu ya Twalha, na gari si shamba ulikate vipande. Twalha alitaka liuzwe. Mnunuzi alishampata, mtu wa Magugu. Tunu alisema hapana, atalitia barabarani mwenyewe, apeleke abiria Dareda, Najma asome. Wazee walitazamana. Mmoja alicheka kabla hajajizuia. Twalha akasema usukani si kazi ya mwanamke. Baada ya maneno mengi wakakata shauri: akae nalo mpaka Idi. Akifika Idi gari zima, ni lake na Najma, na Twalha atalipwa haki yake polepole. Likifa mkononi mwake kwa uendeshaji mbovu, linauzwa, na yeye atafute kazi ya wanawake.

Wiki ya kwanza alikwenda Dareda na viti vitupu. Abiria walikuwa wanafika mlangoni, wanamwona aliyeshika usukani, wanakumbuka kuna kitu wamesahau nyumbani. Aliyevunja ubishi ni mama mmoja wa Dareda anaitwa Devota, mkulima wa maharage, mwenye magunia mawili na haraka zake. Alisema yeye anataka kufika, kama dereva amevaa suruali au baibui hilo atawaachia wanaume wamalizane nalo. Akapanda mbele. Jumatatu iliyofuata wakapanda wanne, na kufika mwezi wa sita watumishi wa mkoa walikuwa wanamsubiri yeye, kwa sababu alikuwa hakimbizi gari na harushi matusi. Tunu alikuwa na furaha. Aliona haya kuwa nayo, mumewe hajatimiza mwaka, lakini alikuwa nayo. Akikaa kwenye kile kiti, mgongo wake ukiingia palepale mgongo wa Msafiri ulipobonyeza sponji, alikuwa hajioni mjane.

Mwezi wa kumi, zimebaki wiki chache Ramadhani kuanza, gari likamshinda kwenye mlima wa njia ya Dareda. Injini inanguruma, gari haliendi. Unakanyaga mafuta, kelele zinaongezeka, magurudumu yamekaa yanakutazama. Tunu alizima papo hapo, akawashusha abiria, akaweka mawe nyuma ya matairi. Lori la mahindi likamvuta mpaka mjini. Kabla hajafika, habari ilishafika: mke wa Msafiri kachoma klachi. Na wenye midomo yao wakatia chumvi, kwamba alikuwa anapanda mlima huku amekanyaga pedali zote tatu.

Twalha alikuja jioni ile ile. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Tunu zaidi. Alisema gari lipelekwe kwa Aniceti lifunguliwe, na yeye atakuja kesho baada ya alasiri aone kwa macho yake. Kama klachi imechomwa, kauli ya wazee anaijua. Alimwita shemeji, akauliza hali ya Najma, akaenda zake.

Fundi Aniceti, Mungu amweke, alikuwa Mgorowa mwenye sura ya kununa na mikono isiyotakata hata kwa mchanga. Gereji yake ilikuwa Bagara, shimo moja na bati sita. Alikuwa na kanuni yake, na kwa kanuni hiyo aligombana na nusu ya mji. Hafungui klachi mwenye gari asipokuwepo. Unakaa kwenye kigoda tangu nati ya kwanza mpaka ya mwisho, kila kinachotoka kinalazwa juu ya gunia mbele yako, na kazi ikiisha chuma chako kibovu unaondoka nacho nyumbani ukakitupe mwenyewe. Hakutaka kusikia kwamba Aniceti kabadilisha kipuri cha mtu. Mabosi wa mkoa walimwona mshamba kwa hilo. Walikaa kwenye kigoda vilevile.

Basi Tunu alikaa. Kushusha gia boksi ya Pijo si kazi ya mchezo, maana lazima kwanza uvute nyuma lile bomba la chuma linalokwenda mpaka kwenye difu, kule kwenye magurudumu ya nyuma, na hapo ndipo boksi inapokubali kuachana na injini. Aniceti alikuwa shimoni na mwenzake Wolfgang, jitu la watu lililopewa jina la padri aliyelibatiza. Walianza saa mbili asubuhi. Mpaka adhuhuri walikuwa wanapokezana spana na lawama. Saa nane boksi ikashuka juu ya kifua cha Wolfgang, akaitoa nje kama anambeba mgonjwa.

Vitu vikaanza kuja juu ya gunia. Kwanza sahani ya klachi. Kisha presha, lile sinia zito linaloibana sahani kwenye injini. Mwisho ile beringi inayosukumwa na pedali. Tunu alivitazama na hakuelewa kitu. Kwake vilikuwa vyuma vyeusi tu. Aniceti akapanda kutoka shimoni, akachuchumaa, akashika sahani, akaipitisha puani. Akaitazama upande huu, akaigeuza. Akachukua beringi akaizungusha, ikakwaruza. Akapitisha ukucha kwenye vidole vya presha, vile vinavyokandamizwa na beringi, na ukucha ukazama kwenye mfereji.

Akacheka, Aniceti ambaye hakucheka hata harusini kwake.

"Mama Najma, hukuchoma kitu hapa," alisema. "Klachi ya mwanafunzi inanuka, na chuma chake kinageuka bluu. Hii imelika sawasawa mpaka kwenye ripiti, visumari vyake hivi. Na tazama mfereji huu. Huu ni mguu uliolala kwenye pedali miaka na miaka, gari likiwa linatembea. Miezi sita haichimbi hivi. Shemeji yako akija namwonyesha, na hili gari haliuzwi."

Wolfgang naye akasema alhamdulillahi, Mkatoliki yule, ili tu kumfurahisha.

Tunu hakufurahi. Alikuwa anautazama ule mfereji, na alikuwa anaujua mguu wenyewe. Mguu wa kushoto wa Msafiri ulikuwa haupumziki. Hata nyumbani, akikaa kwenye mkeka kula, ulikuwa unakandamiza taratibu, unaachia, unakandamiza. Kandambili zake za kushoto zilitoboka kila mara kabla ya za kulia, na Tunu alikuwa anamtania kwamba awe ananunua kandambili tatu tatu. Siku moja akamuuliza ana nini. Msafiri akamwambia ni tangu ile safari ya tope. Siku mbili nzima alikaa mguu juu ya klachi, tayari, kwa sababu akichelewa kubadili gia nukta moja gari linazama na yule mama mjamzito anafia mle. Walifika. Lakini mguu haukuamini kwamba wamefika, akasema, na akacheka, na ukaendelea kukandamiza mkeka.

Kwa hiyo dereva bora wa Babati alikuwa anaiua klachi ya gari lake mwenyewe, siku baada ya siku, kwa sababu alikuwa anaogopa. Kila dereva anayejifunza huambiwa siku ya kwanza aondoe mguu kwenye pedali. Na leo habari hiyo ilitaka kusemwa mbele ya Twalha, kisha ifike sokoni, stendi, msikitini. Watu wangecheka. Wale wale waliotia chumvi juu yake wangemtia chumvi marehemu, na marehemu hawezi kujibu. Tunu akajikaza kisabuni lakini machozi yakamshinda. Akamwambia Aniceti asiseme.

Fundi alikasirika. Alimwambia yeye ana miaka zaidi ya ishirini kwenye mafuta machafu na hajawahi kusema uongo juu ya chuma cha mtu, hataanza leo kwa ajili ya maiti. Akamuuliza anajua anachopoteza? Tunu akasema anajua. Gari, Dareda, ada ya Najma, vyote. Akasema lakini jina la mume wangu nilikabidhiwa, sikukabidhiwa nilichafue. Walibishana pale mpaka adhana ya alasiri. Mwisho Aniceti akasema hatadanganya, ila akiulizwa atamwachia mwenye gari ajibu. Akaingia shimoni kwa hasira, na huko hapakuwa na kazi yoyote ya kufanya.

Twalha alifika na kanzu yake ya dukani. Akawasalimu wote, akachuchumaa kwenye gunia. Akamuuliza fundi nini kimeua klachi. Sauti ya Aniceti ikatoka shimoni, ikasema muulize mwenye gari.

"Ni mguu wangu, shemeji," Tunu alisema. "Nilikuwa naulaza kwenye pedali. Sikujua kama ni vibaya."

Twalha alichukua beringi akaizungusha, ikakwaruza. Akachukua presha, na kidole chake kikaenda chenyewe kwenye mfereji, kikazunguka nao mzunguko mzima, kikarudia. Wolfgang alijifanya anafuta spana ambayo ilishakuwa safi. Tunu alikuwa anasubiri kusikia jina la mtu wa Magugu.

"Nilikaa naye mbele miaka saba," Twalha alisema mwishowe, na bado alikuwa anatazama chuma. "Tangu safari ile ya tope, mguu wa kushoto wa kaka haukuwahi kukaa sakafuni. Nilimwambia mara moja, akaninunia mpaka Minjingu. Shemeji, unambebea mzigo wake hata huku?"

Twalha akairudisha presha juu ya gunia.

"Mimi kutaka liuzwe si kwa sababu wewe ni mwanamke. Nilisema hivyo, lakini si hivyo. Kila asubuhi likipita dukani naisikia ile sauti, nasimama kumsalimu kaka. Nimeshainua mkono kabisa. Halafu nakuona wewe. Kila asubuhi, shemeji. Nilikuwa nataka liende Magugu ili nisimame mara moja tu nimalize."

Akaanza kulia, mwanaume mzima, muuza duka, kanzu imegusa grisi. Tunu naye akalia. Miezi yote ile walikuwa wanamlilia mtu mmoja kila mtu upande wake, huku wanagombea gari. Aniceti akabaki shimoni. Baadaye alisema alikuwa anatafuta nati.

Mambo ya kuuza yakaishia pale. Twalha mwenyewe ndiye aliyepiga simu Arusha kwa rafiki yake wa biashara, na klachi mpya ikaja na basi siku ya pili, imefungwa kwenye boksi na kamba ya katani. Tunu akarudi kwenye kigoda chake. Aniceti akaisimamisha sahani mpya katikati kwa kipande cha mti alichokichonga mwenyewe, kinene sawa na shafti ya gia boksi, maana sahani ikikaa pembeni hata kidogo boksi haiingii ng'o. Akabana presha nati moja moja, kwa kuvuka upande hadi upande, bila haraka. Boksi ikapanda. Bomba likarudi. Jua lilikuwa bado linaupiga usoni mlima Kwaraa walipomaliza, na watu kadhaa wa Bagara walikuwa wamejikusanya wakitazama, maana enzi zile gari kutengenezwa lilikuwa jambo la kutazama.

Vyuma vibovu Aniceti alivifunga kwenye gazeti akamkabidhi Tunu. Tunu akampa Twalha, na Twalha akavikumbatia. Kisha akaenda kukaa kiti cha mbele cha abiria, kiti chake cha miaka saba.

Tunu akawasha. Akakanyaga klachi, pedali ikazama laini, nyepesi mno, akaogopa kidogo. Akaweka gia ya kwanza, akaachia mguu alivyozoea. Gari likaruka, likazimika. Watazamaji wakacheka. Akawasha tena, likaruka, likazimika. Mara ya tatu vilevile, mpaka Wolfgang naye akaanza kucheka, naye alikuwa na moyo mzuri.

Aniceti akaja dirishani, akaegemea.

"Mpya inakamata chini, Mama Najma. Ile ya zamani ilikuwa imelika mpaka inakamata juu kabisa. Isahau ile."

Hapo ndipo Tunu alipoelewa, mikono ikiwa kwenye usukani. Kule njia ya ziwani Msafiri alimfundisha auinue mguu, auinue, mpaka anakaribia kuuondoa kabisa, na pale juu ndipo gari lilipokuwa linamjibu. Alidhani magari yote yako hivyo. Kumbe pale palichimbwa na mguu mmoja tu duniani. Kila alfajiri tangu atoke eda alikuwa anaupeleka mguu wake mpaka pale alipoishia mguu wa mumewe, wanakutana, ndipo safari inaanza. Jina lake amelilinda, gari amelipata, na leo, mchana kweupe, mbele ya watu wanaocheka, amemng'oa humo kwa mkono wa fundi aliyemwita mwenyewe. Uchungu kama ule haukumpata hata siku ya maziko. Siku ya maziko watu walikuwa wengi, wakamshika.

Twalha alimtazama mara moja akageukia dirisha lake. Hakumharakisha.

Tunu akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Akawasha mara ya nne. Akaachia pedali kidogo, chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Gari likaondoka.